Uji wa Fundi Ndolo

Kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni, kikazunguka, kikazunguka, kikatulia. Nje kulikuwa bado giza. Jogoo wetu, ambaye ni mvivu, hakuwa amewika. Nilidhani ni paka wa jirani ameingia jikoni tena, nikanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda ili nimwamshe Baba Kasiva amfukuze. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Nikasikiliza. Mtu alikuwa anapuliza moto. Alipuliza kama asiyejua, kwa nguvu zote mara moja, halafu moshi ukamwingia akakohoa.

"Baba Kasiva?" niliita.

"Lala."

"Unatafuta nini huko?"

"Sitafuti kitu. Nimeshapata."

Mimi ni mtu wa Tawa, kule Makueni. Ndolo aliponioa alinileta huku karibu na Tseikuru, ambako nilidhani nitakufa kwa jua, na sikufa. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akishika sufuria. Si kwamba ni mtu mbaya. Wanaume wa rika lake hawakuingia jikoni. Wakisikia njaa, walisimama nje ya mlango wakakohoa. Na yeye alikuwa fundi wa mawe, mwenye jina. Matangi mengi ya shule za upande huu aliyajenga yeye, na watu hadi leo wanamwita Fundi.

Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni tulisema ni uchovu. Daktari wa Kitui akasema ni ugonjwa wa mishipa, akampa dawa, na dawa inasaidia kiasi, lakini mkono haukurudi kuwa ule wa kunyoosha kuta. Akaacha kazi. Hilo alilivumilia. Lililomshinda ni la kanisani. Jumapili moja ya meza ya Bwana, yeye akiwa mzee wa kanisa, alikuwa anapitisha sinia la vile vikombe vidogo. Vikombe vikaanza kugongana. Kanisa lilikuwa kimya, kwa hiyo kila mtu alisikia. Kikombe kimoja kikapinduka juu ya gauni jeupe la mama mmoja. Yule mama alisema, "Si kitu, baba," akafunika doa kwa leso yake upesi ili mwingine asilione. Wema huo sijausahau. Lakini kulikuwa na mtoto aliyecheka, na Ndolo akasikia kicheko tu.

Tangu siku hiyo aliweka kiti chake nyuma ya nyumba, kikiangalia kilima, mahali ambapo mtu wa njiani hawezi kumwona. Asubuhi alikaa hapo, mchana hapo. Wageni wakija aliniambia niseme amelala. Nilimwona akipungua polepole kama kipande cha sabuni. Binti yetu Kasiva alikuwa akipiga simu kutoka Kitui mjini na kuuliza, "Baba yuko wapi?" nami nikajibu, "Yuko kwa kiti." Nilimwomba Mungu jambo moja tu, asifie kwenye kile kiti.

Sasa nieleze habari ya sufuria.

Mwethya wetu, yaani kikundi chetu cha kusaidiana kazi, ulikuwa unajenga bwawa la mchanga kwenye mto Ngiluni. Mto wetu huwa na maji siku chache za mvua, siku zingine zote ni mchanga mkavu. Mnajenga ukuta wa mawe na simiti kutoka ukingo mpaka ukingo. Mvua ikija, ukuta unazuia mchanga, na mchanga unaficha maji ndani yake jua lisiyaone. Kiangazi ukichimba kwa mkono unayapata. Kwetu Tawa, dada yangu Katunge ana bustani kando ya ukuta kama huo, na kila akinipigia simu ananihesabia sukuma wiki zake kama watu wanavyohesabu wajukuu.

Sheria ya mwethya ni kwamba kila boma lilete mtu mmoja kila siku ya kazi. Boma lisiloleta mtu halipati kipande cha bustani ukingoni. Kwetu nilikuwa natoka mimi, na kwa kuwa mgongo wangu hauwezi mawe, nilipewa kazi ya kupika uji wa saa nne. Basi nikateleza nikiwa nimebeba mtungi, na kifundo cha mguu kikavimba kama boga.

Jioni ile Nthiwa, mwenyekiti wetu, alikuja kuniona. Alileta mayai yamefungwa kwenye leso, akaketi chini sakafuni ili nisihangaike kuinua shingo nikizungumza naye.

"Susu, usijali," alisema, maana huku ndivyo vijana wanavyomwita bibi. "Tutawasamehe. Kila mtu anajua hali yenu."

Sauti ikatoka nyuma ya nyumba, ikapita dirishani.

"Hali gani?"

Nthiwa akanitazama. Hakuwa amesikia sauti ya Ndolo kwa muda mrefu.

"Hali ya mguu, Mzee."

"Sisi si watu wa kusamehewa. Boma hili litaleta mtu."

"Lakini Mzee, mawe..."

"Nani ametaja mawe? Nafasi yetu ni ipi?"

Nthiwa akayatazama mayai. "Nafasi yenu ni ya sufuria."

Nilisikia mbuzi akitafuna huko nje. Kisha Ndolo akasema, "Sufuria ni sufuria."

Ndiyo maana kifuniko kilianguka alfajiri. Nasema kweli, kilichomtoa kwenye kiti kilikuwa kiburi. Sikujali. Mtu akitolewa shimoni, haulizi kamba ilikuwa ya nani.

Habari za siku ile ya kwanza nililetewa na Nthiwa. Alianza kuzisimulia akicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akaacha kucheka.

Ndolo alifika mtoni wa kwanza. Akayapanga mafiga akayapima kwa kamba, kama mtu anayeanza msingi. Maji yalipochemka akachukua unga wa mtama na wimbi akapima kwa mkebe. Unga moja, maji tatu. Hivyo ndivyo alivyochanganya simiti na mchanga maisha yake yote, moja kwa tatu. Akaumwaga unga wote mara moja. Ilipofika saa nne, mwiko ulikuwa umesimama wenyewe katikati ya sufuria kama mlingoti wa bendera ya shule.

Nyamai, ambaye mdomo wake hauna mlango, alikuja na kikombe akachungulia.

"Mzee, huu tunakunywa ama tunajengea?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Mpelekeeni Mulei huko juu, si alisema simiti inaisha?"

Mulei ndiye fundi wa bwawa. Alijifunza kazi kwa Ndolo, na kila anachojua kuhusu jiwe alikitoa kwenye ile mikono miwili. Alishuka kutoka ukutani akaja akatazama sufuria. "Huyu ndiye aliyenifundisha moja kwa tatu," aliwaambia watu. "Aliniambia ukipunguza, ukuta utakuaibisha hata ukiwa kaburini. Haya, leo pia hakupunguza." Akanawa mikono, akakata tonge kubwa, akala kama ugali. Nthiwa naye akakata. Wakala wote hivyo, wamesimama, na wengine wakawamegea jirani zao.

Ndolo hakucheka. Alikuwa ameuficha mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti, na alitazama chini mpaka sufuria ikaisha.

"Susu," Nthiwa aliniambia, "naogopa hatarudi."

Mimi pia niliogopa. Ndolo alipoingia, alinipita. Nilisikia nyayo zikielekea nyuma ya nyumba, kwenye kiti. Zikasimama. Zikarudi. Akaingia chumbani akaiweka sufuria tupu juu ya kitanda, karibu na mguu wangu mbaya.

"Nifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini?"

"Mama Kasiva, usinifanye niseme mara mbili."

Tukakaa jikoni sote wawili, mimi nikiwa nimeweka mguu juu ya mtungi.

"Unga unaukoroga kwanza na maji baridi, pembeni," nilimwambia. "Mpaka usione donge."

"Maji kiasi gani?"

"Mpaka ufanane na maziwa."

"Ya ng'ombe ama ya mbuzi?"

"Baba Kasiva."

"Nauliza tu. Kipimo ni kipimo."

"Sasa mimina polepole kwa maji ya moto, na huku unakoroga. Usiache. Usitazame kando. Uji unajua ukitazama kando."

Alitazama saa yake. "Kwa dakika ngapi?"

"Weka saa chini. Sikiliza. Sasa hivi uji unaongea haraka haraka kama msichana. Ukiiva utaongea kama mzee, neno moja, halafu apumzike, halafu lingine."

Aliinamisha kichwa juu ya sufuria. Mkono ulikuwa unatetemeka, na mwiko ukawa unagonga ukingo wa sufuria mfululizo. Aliacha kukoroga akanitazama, nikaona anataka kuuficha mkono hata kwangu mimi.

"Endelea," nilisema. "Uji haujali. Unataka kukorogwa tu."

Akaendelea. Kwa muda mrefu mtu huyu alikuwa anasikiliza kicheko kimoja cha mtoto. Jioni ile alisikiliza uji. Ulipoanza kuongea kama mzee alisema, "Huo," kabla sijafungua mdomo.

Kuanzia hapo, kila alfajiri ya siku ya kazi nilisikia kifuniko. Mara nyingine kilianguka, mara nyingine kiligonga tu. Alikuwa akipika uji wangu kwanza, ananiletea kikombe kitandani, anasimama mlangoni mpaka nionje. Nisiposema kitu, hakuondoka.

"Ni mzuri," nilisema siku moja.

"Jana pia ulisema mzuri, na ulikuwa na donge."

"Lilikuwa donge moja tu."

"Basi sema kuna donge. Watu wa mtoni hawana sababu ya kula donge langu kwa heshima."

Mguu ulipokubali kukanyaga kidogo, nilipelekwa mtoni kwa boda boda nikajionee mwenyewe. Nthiwa alinitafutia mahali kwenye kivuli cha mwamba, akanikunjia gunia nikalie.

Watu walikuwa wamesimama kwa mstari mmoja, kutoka kwenye lundo la mawe mpaka ukutani. Unapokea jiwe kwa mikono miwili kutoka kwa jirani wa kulia, unampa wa kushoto. Ukianza kufikiria mambo ya nyumbani, jiwe linakuangukia kwenye mguu. Kwa hiyo watu hawafikirii mambo ya nyumbani. Wanatazama jiwe na mikono ya mwenzao, basi, na kuna wanaosema wanarudi nyumbani vichwa vimepumzika kuliko walivyotoka.

Wakati wangu mimi, uji ukiiva niligonga sufuria, watu wakaacha mstari wakaja kupanga foleni. Wenye nguvu walifika kwanza. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo. Ndolo hakugonga sufuria. Alichota uji kwa ndoo ndogo akawafuata walipo, na alianzia mwisho kabisa wa mstari, kule kwenye lundo, ambako kuinama ni kwingi na ambako walisimama wale wasiopenda kusukumana.

Alikuwa anamimina nusu kikombe, kwa sababu kikijaa, mkono utamwaga. Alikishika kwa mikono miwili. Na kwa kuwa alitoa kwa mikono miwili, kila mtu alipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kwa mtu wa heshima. Hakuna aliyekinyakua upesi ili kumsaidia. Walingoja. Kikombe kilitetemeka kidogo kati ya mikono minne, kisha kikatulia, kisha yeye akaachilia. Nilitazama hilo kwa mtu wa kwanza, kwa wa pili, mpaka mwisho wa mstari.

"Mzee, nusu kikombe?" Nyamai alilalamika alipofikiwa. "Unatubania?"

"Hiyo ni ya njaa, Nyamai. Nusu nyingine nitaileta ukifunga mdomo."

"Basi leo nalala njaa."

Watu wakacheka, na Ndolo akacheka pia, kile kicheko chake cha puani. Nilikuwa sijakisikia tangu siku ya sinia. Nikainama nikajifanya natengeneza bandeji ya mguu.

Alianza kuniletea habari za watu jioni, yeye ambaye zamani aliniletea habari za kuta. Fulani mikono imepasuka, anahitaji mafuta. Fulani huja bila kula tangu jana. Siku moja aliniambia kuna mama anayekunywa nusu ya kwanza, na nusu ya pili anaimimina kwenye chupa chini ya leso, apeleke nyumbani.

"Sasa namjazia chupa mapema, naiweka nyuma ya mwamba," alisema. "Yeye hasemi, mimi sisemi."

"Ni nani huyo?"

"Mtu."

"Baba Kasiva, mimi ni mke wako."

"Ndiyo. Na yeye ni mtu."

Nikachukua mkebe. Kisha nikaongeza unga kwenye gunia alilokuwa anabeba, naye hakusema kitu.

Maziwa ya ule uji yalitoka kwa Bilan, mwenye duka pale watu wanapovukia mto. Mume wake Aftin hununua mbuzi Tseikuru na kuwapeleka soko la Kitui, kwa hiyo siku nyingi Bilan huwa peke yake na duka, watoto, na baba mkwe wake, Mzee Nuradin. Hakuna aliyemwomba Bilan maziwa. Alituma tu kibuyu siku moja na ujumbe kwamba watoto wake pia watakunywa maji ya mto huo.

Ndolo alirudisha kibuyu jioni moja. Duka lilikuwa limejaa watu, na Bilan akamwambia, "Mzee, tafadhali kiweke huko nyuma." Huko nyuma kulikuwa na chumba, na ndani kitanda cha kamba, na juu ya kitanda Mzee Nuradin ambaye macho yamemwishia na miguu haimtii.

"Nani huyo?" Nuradin aliuliza.

"Ndolo."

"Ndolo gani?"

"Mpika uji."

Hivyo ndivyo alivyonisimulia jioni ile, bila kujua kwamba amenieleza jambo. Hakusema Fundi.

"Mpika uji anaingia kwa mtu bila uji?" Nuradin akasema. "Hii ni tabia gani?"

Kesho yake Ndolo alimpelekea uji kwenye chupa ya chai. Mzee alinyoosha mikono kuutafuta, Ndolo akampa kikombe, na vidole vyao vikakutana. Nuradin akaushika ule mkono, akaukalisha ndani ya mkono wake.

"Unatetemeka," alisema.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo waziwazi. Mimi sikuthubutu. Kanisani walimwombea kwa maneno ya kuzunguka.

"Ndiyo," Ndolo akajibu. "Unatetemeka."

"Mimi ni macho. Wewe ni mkono. Tumegawana." Akasema bismillahi, akanywa. "Umeweka sukari kama ya mtoto. Lakini ni mzuri."

Tangu hapo kila siku ya kazi Ndolo alipitia kwa Nuradin. Alichelewa. Nilipomuuliza huwa wanazungumza nini alisema, "Anauliza ukuta umefika wapi, namwambia. Ananiambia njia alizopitisha ng'ombe zamani. Wakati mwingine hatusemi kitu."

Mwezi wa kumi ulipokaribia kuisha na mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Mwingi, ukuta ukafika mwisho. Siku ile tulikuwa wote mtoni, wanawake wanaimba, mimi na fimbo yangu. Mulei alikuwa ameacha nafasi ya jiwe moja juu katikati. Akasimama pale, akaita kwa sauti.

"Fundi! Nafasi hii ni yako."

Nyimbo zikakatika. Kila uso ukageuka kule mwisho wa mstari ambako Ndolo alikuwa na ndoo yake. Nilikijua kimya kile. Kilikuwa kile cha kanisani. Nikashika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Ngoja," Ndolo akasema. "Watu wangu bado hawajanywa."

Tukangoja. Alipita mstari wote, nusu kikombe, mikono miwili, mpaka akamfikia Mulei mwenyewe. Mulei akanywa. Ndipo Ndolo akaweka ndoo chini, akanawa unga mikononi, akapanda. Mulei hakumshika mkono. Alimpa mwiko wa chuma wenye simiti, kama alivyopewa yeye mara ya kwanza.

Mkono ukatetemeka. Simiti ikaanguka, pwaa, juu ya kiatu cha Mulei.

Mulei akakitazama kiatu.

"Mulei," Nyamai akasema kutoka chini, "hiyo ni baraka. Usikioshe hicho kiatu."

Aliyecheka kwanza ni Ndolo. Halafu mto wote ukacheka. Akachota tena, akashika mwiko kwa mikono miwili, akapaka, nusu ikamwagika na nusu ikakaa. Wakaliinua jiwe, yeye na Mulei, wakaliweka. Halikukaa vizuri sana. Limeinama kidogo upande wa kushoto, na ukijua unaweza kuliona. Mulei hakulinyoosha.

Usiku ule nililala nikiwa na furaha. Lakini kulipokaribia kucha niliamka nikasikiliza, na jikoni kulikuwa kimya. Jogoo akawika. Kimya. Mwanga ukaingia dirishani. Nikajua Ndolo ameamka, kwa sababu upande wake ulikuwa mtupu, lakini hakuna moto, hakuna kikohozi. Nikainuka na fimbo, nikachungulia nyuma ya nyumba.

Alikuwa ameketi kwenye kile kiti, anatazama kilima. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti.

Bwawa limeisha. Hakuna mstari, hakuna watu wa saa nne. Nimekuwa mke wake muda mrefu, najua kwamba nikimwambia "Inuka" ataketi zaidi. Nikarudi jikoni. Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikakiinua juu, nikakiachilia.

Kikaanguka, kikazunguka, kikazunguka.

Nyayo zikaja mbio. "Umeumia?"

"Hapana. Kimeanguka tu."

"Kimeangukaje?"

"Kama chako huanguka."

Alinitazama, akatazama kifuniko, akatazama figa lisilo na moto. Nikaona pua yake ikianza kucheka kabla ya mdomo.

"Nilikuwa nawaza tu," nilisema. "Yule mzee wa kivukoni, leo atakunywa nini?"

Aliinama akaokota kifuniko, akakifuta kwa kiwiko cha koti. Kisha akapiga magoti akaanza kupuliza moto, polepole, kama mtu anayejua. Mimi nikachekecha unga. Alikoroga akiwa ameinamisha kichwa, na uji ulipoanza kuongea kama mzee tulisema "Huo" wote wawili.

Tulienda pamoja, mimi na mguu wangu, yeye na chupa ya chai. Bilan alikuwa anafagia mbele ya duka. Alipotuona aliweka ufagio chini akakimbia kunitafutia kiti, na hakuuliza tumekuja kununua nini.

Mzee Nuradin alikuwa amegeuzia uso ukutani. Aliposikia nyayo akageuka.

"Ni wawili leo," alisema.

"Nimemleta mwalimu wangu," Ndolo akasema.

"Karibu, mama. Mwanafunzi wako anaweka sukari nyingi."

"Nimemwambia, baba. Hasikii."

Ndolo akamimina nusu kikombe. Nuradin akanyoosha mikono, na kile kikombe kikatetemeka kati yao, kikatulia. Mzee akanywa mpaka chini, akajifuta ndevu, lakini hakukirudisha kikombe. Alikishikilia tu.

"Jana nilisikia nyimbo zenu mtoni," alisema. "Halafu zikaisha. Nikamwambia Bilan, basi, ukuta umesimama, na uji wangu umeenda. Tangu alfajiri nimelala nikiangalia ukuta huu ambao sioni."

"Uji upo," Ndolo akasema.

"Uji naweza kupikiwa na Bilan." Akampa kikombe, na mkono wake ukabaki juu ya ule wa Ndolo. "Kuja kesho. Ukikosa unga, kuja mikono mitupu, lakini kuja."